Njuki Atakaa Wapi?

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya kwanza ya Kaari ilikuwa kuwaosha nyuso pacha, Runji na Njuki. Haikuwa kazi rahisi. Pacha hao walikuwa na umri wa miaka mitatu, na mmoja alipokuwa akisuguliwa masikio, mwenzake alikuwa tayari amekimbilia kwenye banda la kuku. Ndani ya nyumba, Muchangi wa miaka sita alikuwa akitafuta kiatu kimoja chini ya kila kiti. Ciakuthii, kitindamimba ambaye wote walimwita Cia, alikuwa akilia kwa sababu uji wake haujapoa. Hivi ndivyo nyumba yao ya Kinoru, mjini Meru, ilivyoamka siku zote zisizo za shule.

Lakini Jumamosi hiyo Kaari alisugua masikio ya wadogo zake huku akiimba. Siku ya kununua gari ilikuwa imefika.

Walikuwa wameingoja kwa miaka mingi. Cucu, mama mzazi wa Baba, aliishi Gachoka, kule chini Mbeere, na kumtembelea kwa matatu na watoto wadogo ilikuwa vita ya kutwa nzima. Kulikuwa na mifuko, nepi, chupa za uji, na pacha ambao walitapika kwa zamu. Desemba iliyopita walishindwa kwenda kabisa. Cucu alikuwa bado hajamwona Cia kwa macho yake.

Mama, ambaye ni muuguzi, alikuwa na zamu hospitalini siku hiyo, kwa hiyo hangeweza kwenda kwenye yadi ya magari. Kabla ya kuondoka alimwita Kaari chumbani.

"Baba yako atasikiliza injini mpaka asahau mambo mengine," alisema akifunga vifungo vya sare yake. "Wewe niangalizie viti. Nataka kila mtoto awe na mahali pake na mkanda wake. Utakaloliona ndilo utakaloniambia. Sawa?"

"Sawa, Mama," Kaari alijibu.

Alikuwa msichana wa Gredi ya Saba na alijiona mtu mzima. Hata hivyo, kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Mama. Moyo wake ulikuwa umeshachagua gari.

Aminah, rafiki yake wa darasani, alikuwa binti wa Bwana Nurudin, mwenye yadi. Wiki mbili zilizopita Aminah alimweleza habari za gari jekundu lililofika kutoka Mombasa, jekundu kama pilipili, lililoinama chini kama linataka kuruka. Tangu siku hiyo Kaari hakuwa na habari nyingine. Aliwaambia wanafunzi wenzake kwamba hilo ndilo gari la kwao. Mbaya zaidi, mvulana mmoja aitwaye Gachoki aliposhushwa shuleni kwa gari la baba yake, refu na la kijivu, lenye mlango wa kuteleza, Kaari ndiye aliyeuliza kwa sauti kubwa kama mikate ilikuwa imeshateremshwa. Darasa zima lilicheka. Je, Baba akinunua gari la namna ile ile la kama kubebea mikate, angewezaje kuja nalo shuleni?

Baba na Kaari walipitia sokoni kwanza. Baba alinunua tikiti maji moja kubwa kutoka Mbeere, akisema kwamba siku kama hiyo haiwezi kuisha bila kula kitu kitamu. Kisha wakaenda yadini, Kaari akiwa amelikumbatia tikiti lake.

Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa mbele kabisa. Lilikuwa limeoshwa na tairi zake kupakwa rangi mpaka likameta. Aminah alikuwa akiwangoja pale na kitambaa mkononi.

"Nimelisugua mwenyewe," alisema. "Jumatatu ukishuka humu pale getini, watu watasahau kengele."

Kaari alicheka mpaka akakaribia kuliangusha tikiti.

Bwana Nurudin alikuwa mtu mcheshi mwenye kofia nyeupe na kalamu sikioni. Alimkaribisha Baba vizuri, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kisha akamwuliza swali la kawaida analomwuliza kila mnunuzi.

"Mna watoto wangapi, Baba Kaari?"

Hapo Baba akasita. Alikuwa amelelewa na Cucu, na kwa Cucu watoto hawahesabiwi. Mbuzi pia hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia mabaya, na Cucu alikuwa akimfinya mtu yeyote aliyethubutu kunyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu. Baba alikuwa karani wa ofisi, alikwenda kanisani kila Jumapili, na alisema haamini mambo hayo. Lakini ulimi wake ulikataa. Hata watu wa sensa walipofika nyumbani, aliwatajia majina tu, akawaacha wajihesabie.

"Wanatosha," Baba alijibu, akitabasamu. "Mungu ametujalia."

Bwana Nurudin akaitikia kwa kichwa, akifurahi. Kwake yeye, mtu anayesema wanatosha ana wawili. "Basi hili hapa litawafaa," akasema, akagonga paa la gari jekundu.

Kaari alisikia kila neno. Alijua kwamba Bwana Nurudin hakuelewa, na alijua kwamba Baba hakutambua kuwa hakueleweka. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha kunyoosha mambo. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akanusa harufu ya viti vilivyosafishwa. Akanyamaza.

Baba na Bwana Nurudin walifungua boneti. Kama Mama alivyotabiri, Baba aliinamisha sikio juu ya injini kana kwamba inamnong'onezea siri. Alipoinuka aliuliza tu kama nyuma kuna nafasi. Kaari akajibu kwamba ni pana. Baba aliridhika. Alikuwa amezoea, kama watu wengi, kuona watoto wadogo wakipakatwa magarini, na hakulifikiria zaidi.

Kisha simu ya Baba ikalia. Ilikuwa Mama, akiwa kwenye mapumziko mafupi. Baba alimsifia gari kwa dakika nzima, halafu akampa Kaari simu.

"Umekaa kule nyuma?" Mama aliuliza. "Kila mtoto ana mahali pake?"

Kaari alitazama kiti cha nyuma. Kulikuwa na mikanda mitatu. Aliona pia, kupitia kioo, Aminah akimwonyesha dole gumba.

"Ndiyo, Mama. Tunatosha."

"Asante sana, mwanangu. Sasa nina amani."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Kaari kidogo, lakini Bwana Nurudin alikuwa tayari ameshika ufunguo na kusema wazunguke kidogo ili Baba alionje gari. Yeye alishika usukani, Baba akakaa kando yake, na Kaari nyuma, mkanda kifuani na tikiti mapajani. Gari liliingia barabarani kwa ulaini wa ajabu. Walipita karibu na uwanja wa michezo. Kaari alishusha kioo ili watu wamwone. Hakuwa amewahi kuwa na furaha kama ile.

Mara bodaboda iliyobeba kreti za mayai ikachomoka kwenye kichochoro bila kutazama. Bwana Nurudin akakanyaga breki.

Mkanda ulimshika Kaari barabara. Tikiti halikushikwa na kitu. Lilimponyoka, likapita katikati ya viti vya mbele, likagonga pale penye redio na kupasuka vipande viwili. Maji mekundu yaliruka juu ya suruali ya Baba na kofia ya Bwana Nurudin.

Mwenye bodaboda alikuwa ameshapotea, mayai yake salama.

"Wala sikuwa na mwendo," Bwana Nurudin alisema hatimaye, akijipangusa.

Baba aligeuka nyuma. "Kaari, hukulishika?"

Kaari alikuwa bado amekunja mikono kama vile tikiti liko pale. Alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili, tena kwa nguvu. Akalitazama lile pande lililolala chini ya miguu ya Baba, na badala ya tikiti akaona kichwa kidogo chenye nywele laini.

"Nililishika, Baba," alisema. "Cia ni mzito kuliko hilo."

Hawakuzunguka tena. Walirudi yadini, na Bwana Nurudin akaenda kutafuta kitambaa na karatasi za makubaliano. Baba alitoa kalamu. Kaari aliona kwamba asiposema sasa hatasema kamwe. Aminah alikuwa amesimama pale pale, akisikiliza, lakini hata hivyo Kaari akasema.

"Baba, nimemdanganya Mama."

Baba alimtazama bila kuelewa. Kaari hakujua aeleze vipi, maana hata yeye ulimi wake ulikuwa ni wa nyumba ile ile isiyohesabu watoto. Kwa hiyo akafungua milango yote minne ya gari jekundu, akaanza kugusa viti kimoja kimoja.

"Hapa ni Baba. Hapa ni Mama. Hapa nyuma tunafunga kiti cha Cia. Hapa ni Muchangi. Hapa ni Runji." Akasimama. Viti vilikuwa vimekwisha. "Njuki atakaa wapi? Na mimi nitakaa wapi? Nilijua tangu mwanzo, Baba. Nilitaka tu liwe jekundu."

Baba alirudisha kalamu mfukoni polepole. Bwana Nurudin, aliyekuwa amefika na karatasi, alishika kiuno.

"Baba Kaari, si nilikuuliza una watoto wangapi?"

"Uliniuliza," Baba alikiri.

"Ukasema wanatosha."

"Si wanatosha?" Baba alisema, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka Bwana Nurudin akalazimika kuegemea gari. Alipopata pumzi alisema kwamba yeye ana biashara ya magari, hana biashara ya kuwabeba watoto wa watu mapajani. Akamwita Aminah alete ufunguo wa lile lililo nyuma ya banda.

Lilikuwa gari refu, la kijivu, lenye mlango wa kuteleza. Lilikuwa na mkwaruzo ubavuni, na bei yake haikupishana sana na ya lile jekundu kwa sababu lilikuwa na umri mkubwa zaidi. Kaari aliingia akalikagua kama inavyotakiwa. Alivuta kila mkanda. Aliangalia kama kiti cha Cia kingekaa imara, kama mlango una kufuli ambayo pacha hawawezi kuifungua, na kama mtu wa safu ya mwisho anaweza kutoka bila kuwaruka wengine. Alitaja majina yote ya nyumbani, na kila jina likapata kiti. Kiti kimoja kilibaki kitupu.

"Hicho ni cha Cucu," Baba alisema.

Aminah alichungulia ndani. "Lakini hili ni la mikate," alinong'ona.

"Ndiyo," Kaari alijibu, naye uso wake ukawaka moto. "Jumatatu nitamwomba Gachoki msamaha. Na twende sote tukamwombe, kwa sababu hata wewe ulicheka."

Jioni hiyo Kaari alimweleza Mama kila kitu jikoni, huku akiangalia sufuria ili asiangalie macho yake. Mama hakupaza sauti. Alisema tu kwamba baada ya ile simu alirudi kazini na moyo mweupe, na kwamba inamuuma kujua amani ile haikuwa ya kweli. Kaari angependa zaidi kama angegombezwa. Hakulala vizuri.

Juma lililofuata karatasi zilikamilika, na Jumamosi gari la kijivu likasimama mbele ya nyumba. Majirani walitoka kulipongeza. Muchangi alifungua na kufunga mlango wa kuteleza mpaka Baba akamkataza. Mifuko ilipakiwa, ndizi za kumpelekea Cucu zikawekwa kwenye buti, na pacha walikuwa wakipiga kelele kwamba waondoke, waondoke sasa hivi. Baba aliwasha injini. Watu walikuwa tayari wanapunga mikono.

"Kaari, huko nyuma ni sawa?" Mama aliuliza kutoka mbele.

Kaari alivuta mkanda wa Muchangi. Akavuta wa Njuki, kisha wa kiti cha Cia. Alipovuta wa Runji, ulichomoka mkononi mwake. Akaubonyeza tena, ukachomoka tena. Kila mtu alikuwa akimngoja.

"Bado, Mama," akasema. "Wa Runji haushiki."

Baba akazima injini. Pacha wakalia kwa pamoja, na majirani wakashusha mikono. Mama alishuka, akainama na Kaari, wakachokoa tundu la mkanda kwa kijiti cha kibiriti mpaka ikatoka njugu moja, ambayo Runji alikiri kuificha humo. Mkanda ukalia *tak*, ukashika.

Mama hakurudi mbele mara moja. Alimshika Kaari bega.

"Gari likiwa na viti vingi halitoshi kutulinda," alisema. "Tunalindwa na mtu aliyekagua, tena akasema ukweli hata kama ukweli huo unachelewesha safari au unamnyima kitu alichokitamani. Wiki iliyopita uliniambia ndiyo, nikaamini bure. Leo umeniambia bado. Hiyo bado yako imenipa amani kuliko ile ndiyo."

Kaari aliitikia kwa kichwa. Alirudi kwenye kiti chake, akajifunga mkanda na kuuvuta mara mbili. Kisha akamwambia Baba kwamba sasa wanaweza kwenda.