Leo Mimi Si Mteja

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, Fundi alifunika cherehani yake, akakung'uta vipande vya uzi kwenye sketi, akaenda chuoni. Watu wote walimwita Fundi, hata mume wake alipotaka kumtania. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na binti wa sekondari aliyemzidi urefu. Karakana alikofanya kazi ilishona sare za wauguzi na wapishi. Chuo cha lugha na biashara kilikuwa mtaa wa pili, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Ngazi zake zilimtoa jasho, lakini hakuwahi kukosa kipindi.

Alikuwa anajifunza lugha ya wageni walionunua sare kwa wingi. Mkuu wa karakana alitaka mtu wa kukaa meza ya mbele, apokee wateja hao na kuzungumza nao. Meza hiyo Fundi aliitamani mno. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameinamia cherehani, na mgongo ulikuwa umeanza kulalamika.

Kwenye kuandika aliwashinda vijana wengi. Shida ilikuwa zoezi la mazungumzo. Mwalimu aliwagawa wawili wawili, mmoja awe meneja, mwingine awe mteja. Meneja ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Aliuliza, alieleza, alitaja tarehe, aliomba radhi. Mteja alikuwa na sentensi tatu tu: "Ndiyo. Asante. Nitasubiri."

Fundi alipangwa na kijana aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Siku ya kwanza kabisa Redio alimwambia asijisumbue, yeye atakuwa meneja ili wamalize haraka. Fundi alishukuru kimoyomoyo. Aliona aibu kukosea mbele ya watoto wa watu. Basi miezi sita mizima akawa mteja, tena mteja mpole kweli.

Siku moja mnunuzi mgeni aliingia karakana bila taarifa. Mkuu akamwita Fundi, maana si ndiye anayesoma? Fundi akatoka, tepu shingoni. Mgeni akasalimia, akauliza kama mzigo wake wa sare uko tayari. Fundi alimwelewa vizuri kabisa. Akafungua kinywa, na kikatoka kile kilichozoea kutoka.

"Ndiyo," alisema. "Asante. Nitasubiri."

Mgeni alimtazama. Akatazama kiti, akatazama mlango, akitafuta ni nani hasa aliyemfuata mwenzake. Mafundi hawakuijua lugha hiyo, lakini uso wa mgeni waliusoma. Walicheka hadi cherehani zikasimama.

Mkuu hakucheka. Mgeni alipoondoka, alimuuliza Fundi mtihani wa mazungumzo ni lini. Fundi alijibu kwamba ni baada ya wiki tatu.

"Ukifaulu, meza ni yako," alisema mkuu. "Ukishindwa, naleta mtu wa nje. Sina neno lingine."

Alhamisi hiyo Fundi hakuingia darasani. Alikwenda moja kwa moja mapokezi kuomba fomu ya kuacha masomo. Karani wa mapokezi alikuwa mama wa makamo. Ndiye aliyegonga kengele ya vipindi, kwa hiyo wanafunzi walimwita Bi Kengele. Alisikiliza kisa chote, mkono ukiwa juu ya droo ya fomu. Droo hakuifungua.

"Mdogo wangu," alisema, "mwezi huu umesema sentensi ngapi kwa lugha hiyo? Kusema, si kuandika."

Fundi alifikiri. "Tatu, dada. Zile zile."

"Basi hujashindwa. Hujaanza."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Alisema daftari zake tatu zimejaa, na kila sheria ya lugha anaijua.

"Na cherehani ulijifunza kwa daftari?"

"Nilijifunza kwa kuharibu vitambaa."

"Vingapi?"

"Vingi mno."

"Sasa nenda kaharibu sentensi," alisema Bi Kengele.

Kisha akamweleza. Yeye mwenyewe aliwahi kusoma chuoni hapo, na mtihani wa mazungumzo ulimwangusha mara mbili, kwa sababu alikaa kimya kama Fundi. Mara ya tatu alibadili njia, akafaulu. Wawili wanaofanya mazoezi wabadilishane nafasi kila baada ya dakika tano. Anayesikiliza asicheke wala asimkatize mwenzake. Amkosoe mwishoni, na makosa asitaje zaidi ya matatu, maana mengi hayakai kichwani. Nyumbani mtu aseme kwa sauti dakika kumi kila siku, tena aseme habari za kazi yake. Neno likimpotea, alizunguke kwa maneno mengine. Akinyamaza tu, mazungumzo yamekufa.

Fundi alirudi nyumbani na hasira, lakini hakujikasirikia tena mwenyewe. Alikasirikia ile miezi sita.

Jumanne Redio alikohoa kidogo, tayari kuanza umeneja wake.

"Leo mimi si mteja," alisema Fundi.

"Utatuchelewesha, mama."

"Tutachelewa."

Mwalimu alisikia kutoka ubaoni. Alisema kwa upole kwamba mtihani umekaribia, mada bado ni nyingi, afadhali waendelee kama walivyozoea. Fundi akasimama.

"Mwalimu, nimepanda ngazi hizi miezi sita ili nijifunze kusema nitasubiri. Sisubiri tena."

Nyuma kabisa ya darasa mwanafunzi mmoja, mlinzi wa benki wa maneno machache, akanyoosha mkono. Akasema hata yeye hajawahi kuwa meneja. Mwingine akanyoosha, na mwingine. Ikawa karibu nusu ya darasa. Mwalimu aliweka chaki chini. Alikiri kwamba amekuwa akiwatazama wanaomaliza haraka, wengine akawasahau. Akamwomba Fundi aeleze njia hiyo mpya, na mpaka kipindi kinaisha ilikuwa imeandikwa ubaoni. Tena akawapa wateja nao maswali ya kuuliza.

Zamu ya kwanza ilikuwa balaa. Sentensi za Fundi zilikatika katikati. Neno la kola lilimpotea, akasema kitambaa cha shingoni. Redio aliuma midomo asicheke. Lakini Redio, aliyekuwa mteja, naye hakuwa bora. Fundi alimuuliza tarehe, akajibu rangi. Alimuuliza rangi, akaomba arudiwe mara tatu. Kumbe kusema alijua, kusikiliza hakujua. Siku hiyo Redio naye alipata kazi ya kufanya.

Nyumbani familia nzima iliingia chuoni. Mume wake hakujua hata neno moja la lugha hiyo, lakini alikuwa mteja hodari. Alikunja uso, akarudisha suruali ile ile mara nne. Binti alishika saa na kuhesabu kila mara mama aliponyamaza. Siku ya kwanza zilikuwa mara kumi na saba. Wiki ya tatu zilibaki mbili. Shemeji mmoja alipita, akauliza kama mama huyu amechanganyikiwa, kusema peke yake na suruali kwa umri ule. Fundi alimjibu kwa lugha ya wageni, kwa kirefu, mpaka shemeji akaaga.

Kwenye mtihani alikosea mara tano. Mara zote tano alizunguka, akaendelea. Alifaulu. Mlinzi wa benki alifaulu pia, na Redio alipita kwa shida upande wa kusikiliza.

Mwezi uliofuata yule mnunuzi alirudi. Alimkuta Fundi meza ya mbele, tepu bado shingoni. Alimkumbuka, maana alitazama nyuma ya bega lake akitafuta mtu mwingine. Fundi akasimama na kujaza nafasi ile aliyokuwa akiitazama. Akamkaribisha. Akamwambia sare mia mbili zimekamilika, arobaini bado hazijatiwa vifungo. Neno la vifungo lilimpotea. Akashika kifungo cha blauzi yake, akamwonyesha, akaendelea bila kuomba radhi. Akamwomba akae dakika ishirini zimaliziwe.

Ndani cherehani zilikuwa zimesimama. Mafundi wote walikuwa wanasikiliza.

Mgeni akavuta kiti, akaketi.

"Ndiyo," alisema. "Asante. Nitasubiri."