Makambako Tumeshapita?

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa kufukuza ng'ombe.

Danford na shemeji yake, Elius, walikuwa wameegesha pikapu kando ya uwanja wa ndege wa Njombe. Katikati ya njia ya kurukia, ng'ombe wa mtu mmoja wa mtaa wa Ramadhani walikuwa wanakula majani bila wasiwasi wowote.

"Hawa wana tiketi," Elius alisema. "Shemeji, shika fimbo. Digrii haifukuzi ng'ombe."

Danford alitabasamu, mara ya kwanza tangu mkewe, Tabea, afariki hospitalini Dar es Salaam. Ndege ndogo ya mizigo ilikuwa inamleta, jeneza lake likiwa nyuma ya maboksi ya vifaranga.

Ndani ya pikapu mama mkwe, Rebeka, alijikunyata katika blanketi. Yeye alitaka mwanawe aje kwa barabara. Kwao marehemu hasafirishwi kimya. Kila daraja, kila njia panda, mtu huliinamia jeneza na kumwambia: tunapita hapa. Pale Makambako ndipo husimama hasa, kwa maana ndipo unapoiacha barabara ya Mbeya na kupinda kuja nyumbani. Asipoambiwa, mwili hufika, mwenyewe akabaki njiani.

"Mama, kwa ndege hakuna njia panda," Danford alikuwa amemjibu, kwa upole.

Ukungu ukaanza kushuka.

Kwanza walisikia mlio. Kisha wakaona taa. Ndege ilikuja sawasawa, taratibu, magurudumu yakagusa ardhi. Ilikuwa imeshatua. Ndipo pua yake ikageukia pembeni, ghafla, kama mtu aliyeitwa jina.

Bawa likakwaruza udongo. Chuma kikalia...

Kimya.

Walikimbia. Harufu ya mafuta na ya majani yaliyopondwa iliwajaa puani. Maboksi yalikuwa yamepasuka, na vifaranga walitapakaa kwenye ukungu, wakilia wote kwa pamoja. Rubani alikuwa ameketi chini, damu ikimchuruzika usoni.

"Yule mama mmemtoa?" aliuliza.

"Mama yupi?" Danford alimwinamia. "Ulikuwa na abiria?"

"Sikuwa na abiria." Rubani alinong'ona. "Tumeshagusa chini... mtu akaniinamia sikioni. Akaniuliza, Makambako tumeshapita? Nikageuka kumtazama."

Vifaranga wakanyamaza.

Wote.

Katika safari zao zote za basi, Tabea alilala begani kwa Danford kuanzia Iringa, na kila aliposhtuka aliuliza swali hilo hilo, kwa maneno hayo hayo. Rubani hakuwahi kumwona akiwa hai.

Jeneza halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Wanaume wa jirani waliokimbilia ajali walijipanga pande zote, wakavuta pumzi, wakaliinua. Likapanda juu kama boksi tupu, nusura liwaponyoke.

Elius akamkazia Danford macho. "Shemeji... lifungue."

Tabea alikuwamo. Sare yake ya kwaya, ya zambarau. Miguu mitupu, kama walivyomvika. Uso ule ule. Danford alipitisha mikono chini yake, akamwinua.

Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokaukia kambani.

"Nani alimwambia njia?" Rebeka aliuliza nyuma yao. Hakupaza sauti. "Mwanangu Danford, nani alimwambia?"



Kulipopambazuka, waombolezaji wakiota moto, Danford alichukua pikapu akaenda Makambako. Alisimama penye njia panda, akafungua mlango wa abiria, akasema mbele ya wapakiaji wa viazi na wapiga debe:

"Tabea. Hapa ndipo tunapopinda. Panda, mke wangu, twende nyumbani."

"Bosi, mwambie aharakishe, unaziba njia!" mpiga debe mmoja alimkebehi. Wenzake wakacheka.

Mwanamke aliyekuwa anauza chai hakucheka.

"Kamwene, baba," alimsalimu. "Unamtafuta yule dada wa kwaya?"

Danford aliuacha mlango wazi, akamsogelea.

"Nguo ya zambarau. Pekupeku, na baridi hii! Jana jioni alikuwa anauliza kila mtu, Makambako tumeshapita? Nikamwambia, dada, si ndiyo hapa uliposimama? Kama hanisikii vile. Akapanda gari la Mbeya."

Simu ikaita. Elius.

"Shemeji, mchungaji ameshafika. Kaburi li wazi. Uko wapi?"

Danford alikata simu. Aliufunga mlango wa abiria polepole, kama anayeogopa kumwamsha aliyelala. Kisha akaelekeza pikapu upande wa Mbeya, akashusha vioo vyote, akaendesha taratibu. Kila alipofika kwenye daraja alisimama, akainama dirishani.

"Makambako tumeshapita, Tabea," alisema. "Geuka. Makambako tumeshapita."