Nyuzi za Baba Yake Haunani

Soko la Chinatown, Honolulu, Ijumaa asubuhi, watu wamebanana kwa vikapu vya samaki na maua. Haunani, gauni la buluu limemfika miguuni, ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, mgongoni, alikuwa anachagua maua ya pikake ya kutungia shada pale kijana mwenye vumbi la mbao nyweleni aliposimama kando yake.

"Samahani, dada. Huo ukulele ni wa kupiga au wa kutesea watu?"

"Umekosa pa kuanzia?"

"Tazama nyuzi zilivyo juu. Hebu nione vidole."

Akamwonyesha, sijui kwa nini. Vilikuwa vimechanika. Kijana huyo, Kamuela, fundi wa ukulele kutoka mtaa wa Kalihi, akaacha utani.

Ukulele huo aliuchonga baba yake Haunani kwa mti wa koa. Mwezi uliofuata angetimiza mwaka kaburini, na kwenye karamu ya kumbukumbu bintiye ndiye angepiga wimbo aliotunga mzee. Mwingine aliyeujua hakuwepo.

Basi, mapenzi yakawashika, simu haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula poi, nashiba sauti yako."

"Mwongo mkubwa wewe."

Wiki moja kabla ya karamu, Haunani alimwachia ukulele abadilishe nyuzi. Abadilishe tu. Kamuela akavikumbuka vile vidole. Akaung'oa mfupa unaobeba nyuzi, akausugua chini kwa msasa hadi nyuzi zikashuka. Kwetu kazi ya marehemu haikatwi bila kuomba ruhusa kwa wenyewe, na fundi huyo alilijua hilo vizuri. Huruma ilimponza.

Haunani alipokuja kuuchukua, akaupiga kwa nguvu, kama baba yake. Nyuzi zikagonga shingo, zikavuma kama nzi chupani.

"Umefanya nini?"

"Nimezishusha kidogo. Ulikuwa unaumia."

"Nilikulalamikia? Mfupa huu aliuchonga akiwa mgonjwa, Kamuela, mikono inamtetemeka. Nusu yake sasa ni unga sakafuni kwako."

Akaubeba, akaenda zake. Siku tano hakupokea simu. Kamuela alikonda, hata randa ikamshinda kushika.

Asubuhi ya karamu simu yake ikaita.

"Bado zinavuma," alisema Haunani. "Njoo uzirudishe juu. Ukimaliza uende."

Alifika nguruwe wa karamu anatolewa kwenye shimo la mawe ya moto alimookwa. Kwanza akapiga magoti mbele ya mama yake Haunani.

"Anti, nimekata kazi ya mumeo bila kukuomba. Nisamehe."

Mama alimtazama sana. "Haya, inuka."

Ndipo akamgeukia Haunani, akafungua kitambaa. "Mfupa mpya huu, kimo kilekile cha mzee. Lakini kabla sijaufunga, piga mara moja kwa mkono mwepesi. Mkono wako."

"Wimbo ni wake."

"Ni wake. Anayepiga ni wewe."

Akapiga taratibu. Nyuzi hazikugonga popote. Sauti ilitoka ndogo, safi, na ndugu waliokuwa wakipanga mikeka wakaiacha, wakasogea. Katikati ya wimbo akasimama, machozi yanamtiririka.

"Siyo yeye," alisema. "Nilitaka mumsikie yeye."

"Ameshakufa, mwanangu," alisema mama yake. "Tumekaa kukusikiliza wewe."

Haunani akafuta macho, akaanza tena tangu mwanzo kwa mkono uleule mwepesi, akaumaliza; mfupa mpya ukabaki kitambaani. Kisha akamshika Kamuela mkono mbele ya ukoo mzima, na hakuuachia hata chakula kilipopakuliwa.