Mke wa Stesheni

Ijumaa jioni Park Station haina adabu. Johannesburg nzima imepokea mshahara, kila mtu anataka kufika Soweto kabla ya vibaka, na polisi wanalijua hilo, kwa hiyo wanasimama palepale kwenye ngazi. Kelebogile, mshonaji wa kiwanda cha nguo, alifika na sketi yake ya kijani aliyoikata mwenyewe, akatia mkono mkobani, akakuta pasi, kile kibali anacholazimishwa kila Mweusi kutembea nacho mjini, haimo. Ameiacha kwenye koti jingine. Kwa kosa hilo mtu analala ndani.

"Pasi," polisi alisema.

"Umeiacha tena," sauti ya mwanamume ilidakia nyuma yake. "Kila siku nakwambia, mwanamke wewe, kagua mkoba kabla ya kutoka. Afande, mwenzio nimeoa balaa. Asubuhi kasahau chumvi, sasa hivi kasahau pasi."

Polisi, Mweusi mwenzao, naye ana mke nyumbani. Alicheka, akawapungia wapite.

Walipofika chini Kelebogile alimgeukia. Kijana mrefu, shati jeupe, kofia imelalia jicho moja.

"Nani kakwambia nasahau chumvi?"

"Basi nikaribishe nionje, mke wangu."

"Mke wako wa wapi?"

"Wa stesheni."

Jina lake Lungisa, muuza santuri. Toka siku ile simu ya kiwandani haikupumzika. Msimamizi alikuwa akimnyooshea Kelebogile mkonga wa simu huku kanuna: "Njoo, mumeo wa stesheni." Na Kelebogile anaenda anakimbia, uzi umemning'inia shingoni.

Baba yake, mzee Motlhabane, hakujali kwamba wao ni Watswana na kijana ni Mxhosa. Ila posa ni posa. "Binti yangu haposwi na rafiki zako wa dukani," alimwambia. "Niletee mtu wa damu yako nikae naye." Lungisa alizaliwa Alexandra, hapahapa mjini, na wazazi wake wamezikwa hapo. Damu iliyobaki ni baba mkubwa mmoja kule Engcobo, Transkei, eneo ambalo Kaburu aliwatengea Waxhosa wote, mahali ambapo hajawahi hata kupaota.

Oktoba ya mwaka 1976 Transkei ikapigiwa mizinga, ikaitwa nchi huru. Uhuru gani huo, jamani, wa kuambiwa na Kaburu kwamba pale ulipozaliwa ni ugenini? Wanakufukuza nchini mwako, halafu wanataka ushangilie. Watu wa mjini waliapa kutogusa vitabu vya uraia wake, na aliyechukua kimoja alionekana msaliti.

Baada ya wiki chache Puseletso, shoga yake Kelebogile, alimvuta pembeni kiwandani. "Usinichukie, dada. Lungisa nimemwona kwa macho yangu, anatoka ofisi ya Transkei na kitabu chao mkononi."

Simu ilipolia hakusubiri salamu.

"Umechukua kitabu?"

"Kele, mpenzi, hayo ni mambo ya wazee. Siwezi kukwambia."

"Umechukua au hukuchukua?"

"Nimechukua, lakini..."

"Hongera, raia. Katafute mke huko kwenu."

Akakata. Angemwambia nini, kijana wa watu? Mposaji hamdokezei binti safari ya washenga; ni kumvunjia baba yake heshima. Simu ikalia wiki nzima, Kelebogile hakuigusa. Alishona kwa hasira, na usiku alilia kwa hasira hiyohiyo.

Jumamosi asubuhi mzee mmoja mwenye koti refu la zamani alisimama nje ya geti, akingoja kuitwa kama wafanyavyo washenga. Alipoketishwa, Kelebogile alitega sikio jikoni.

"Mimi ni baba mkubwa wa Lungisa," mgeni alisema. "Nimekuja kumposea binti yenu. Kijana alinifuata mwenyewe, maana hii miguu haisafiri peke yake. Bila kitabu chao asingevuka mpaka. Alisema mkwe wake anataka damu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Jana ofisi ya pasi wamekiona kitabu hicho, wamempigia muhuri. Amekuwa mgeni, hana ruhusa ya mji. Ameamriwa apande treni leo jioni."

Mzee Motlhabane alikiweka kikombe cha chai chini. "Kaburu kachimba shimo," alisema, "na mimi nimemsukuma mtoto wa watu ndani."

Kelebogile akatokea jikoni. "Baba, posa umeikubali?"

"Binti hasemi kwenye posa."

"Leo nasema."

Baba alimtazama. "Nimeikubali."

Jioni Kelebogile alivaa sketi ya kijani, akaenda Park Station. Alimkuta Lungisa amesimama kando ya treni na sanduku lake, kofia kaishika mkononi.

"Nilikuita raia," alisema. "Nisamehe."

"Ulikuwa na hasira."

"Bado ninayo, ila si yako wewe. Baba amekubali."

"Amekubali nini, Kele? Mkwe asiye na mji? Watoto wetu watahesabiwa wageni hapa. Wamesema wazi."

"Wewe ulizaliwa wapi?"

"Si unajua. Alexandra."

"Basi achana na treni. Nchi waliyokupa wakaikae wenyewe."

"Wakitukamata?"

"Watukamate kwetu."

Lungisa alilitazama sanduku, akamtazama yeye, akaivaa kofia na kuilaza juu ya jicho lilelile. "Nimeoa balaa," alisema.

Treni ikaondoka bila yeye. Wakapanda ngazi wameshikana mikono, na kule juu polisi walikuwa wamesimama palepale.

"Pasi."

Safari hii pasi ya Kelebogile ilikuwamo mkobani. Hakuitoa.