Nyuki wa Wexcombe Hawakuambiwa

Haya yalimpata kaka yangu Gervase, na nilikuwapo, kwa hiyo asije mtu kuniambia nilikuwa naota.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya mwezi wa Mei. Baba, Lodi Wexcombe, alikula yai lake la kuchemsha, akalalamika limeiva mno, kisha akarudi chumbani kujinyoosha. Tansley, mtumishi mkuu wa nyumba, alipompelekea magazeti alimkuta amekwisha kukata roho.

Gervase hakulia. Alifunga mlango kwa ufunguo.

"Honoria, nisikilize. Baba akiwa amekufa leo, mimi ni lodi leo. Kiti changu cha ubunge Baraza la Makabwela kimekwenda na maji." Siku zile ndivyo sheria ilivyokuwa: cheo kikikuangukia, unahamia Baraza la Malodi utake usitake. "Ijumaa nahutubia. Chama kizima kinanisubiri. Nikimaliza, tutatangaza msiba."

"Huyu ni baba yetu, Gervase."

"Naye angefanya hivi hivi."

Na kweli angefanya.

Tansley akakohoa. "Bwana Gervase, na nyuki je?"

Kwetu, bwana wa nyumba akifa, mrithi huenda bustanini siku hiyo hiyo. Hugonga kila mzinga kwa ufunguo wa lango, akawaambia nyuki nani amefariki na nani bwana wao sasa.

"Kwani nyuki nao wana kura?" Gervase akacheka. "Waache wangoje."

Jioni nilichukua ufunguo nikaenda mwenyewe. Niligonga, nikasema, "Baba amekufa. Bwana wenu ni Gervase." Mizinga yote ikanyamaza. Halafu ikaendelea kuvuma kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Kwenye ukoo wetu binti hahesabiwi, na hata nyuki walilijua hilo. Niliona uchungu, nikarudi ndani.

Kesho yake kengele ya chumba cha baba ikalia jikoni. Kengele ile huvutwa kwa kamba iliyo kando ya kitanda. Tansley aliangusha sinia zima la chai.

Tulipanda ngazi, Gervase mbele. Akafungua. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka kifuani pa baba. Taratibu. Nikalifunua pembeni.

Nyuki. Walimfunika kuanzia shingoni hadi miguuni. Hawakuruka. Hawakuuma. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Nenda kawaambie," nilinong'ona. "Kaka yangu, nakuomba. Maneno mawili tu."

"Nikishatamka kwamba mimi ndiye bwana, yamekwisha." Alirudi nyuma hadi mlangoni. "Ijumaa, Honoria. Ijumaa nitawaambia."

Akapanda treni kwenda London. Nami nikamfuata, sijui nikafanye nini.

Ijumaa nilikaa roshani ya wageni bungeni. Gervase aliposimama, watu wake walimshangilia. Akafungua kinywa. Neno halikutoka. Ulitoka mvumo.

"Paza sauti, mheshimiwa!" wapinzani wakamzomea, wakacheka.

Mvumo ukapanda. Kicheko kikakoma. Gervase aliinua macho akanitazama. Alikuwa ananiomba, na mimi nilikuwa juu kule, siwezi hata kumshika mkono. Nyuki mmoja akatambaa juu ya mdomo wake. Kisha kaka yangu akaanguka, na hakuinuka tena.

Niliporudi Wexcombe, ufunguo wa chumba cha baba haukuingia. Tundu lilikuwa limezibwa kwa nta, kwa ndani. Mimi na Tansley tukavunja mlango. Baba alikuwa amelala vile vile, hana nyuki hata mmoja. Mizinga nayo ilikuwa mitupu.

Tuliwazika pamoja. Gervase hakuacha mtoto, cheo kikafa naye. Tansley naye nilimzika, miaka mingi sasa. Nimebaki mimi peke yangu kwenye nyumba hii, na sijafuga nyuki tena. Siku yangu ikifika, hata nyuki wale wakirudi, hakuna wa kwenda kuwaambia.

Leo asubuhi kengele ya chumba cha baba imelia. Nimeinuka kitandani nikaangalie. Ufunguo haukuingia kwenye mlango wa chumba changu. Tundu limezibwa kwa nta, bado laini, na limezibwa kwa ndani, huku niliko.