Usigeuke Mpaka Itue

Mdomo wangu haujawahi kulala njaa. Habari ya mtaa wa pili naijua kabla mwenyewe hajaijua. Lakini hii nimeisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili nilijuta.

Ilikuwa jioni, jua linaaga, namsaidia Bwana Asilimia kazi yake. Jina hilo nimempa mimi. Ukimpa chai, atakwambia sukari imezidi kwa asilimia kumi. Kampuni ilimleta apime kama majani yameota vya kutosha juu ya mgodi wa zamani, ule uliofukiwa miaka mitatu iliyopita, ukasawazishwa, ukapandwa nyasi. Yakifika sabini kwa mia, wanasema ardhi imepona. Kampuni inapewa karatasi yake, inaondoka, na pale hapachimbwi tena. Mimi alinichukua kwa sababu majani nayajua hata kwa harufu, ingawa shule niliishia darasa la tatu.

Kazi yenyewe ni hivi. Unashika fremu ya mbao, mraba, mita moja kila upande. Unaupa uwanja mgongo, unairusha nyuma kupitia begani. Inapotua ndipo unapohesabu.

"Bibi, usigeuke mpaka uisikie imetua," alinionya. "Ukiangalia, jicho litakuchagulia penye majani mazuri."

"Jicho langu lingejua kuchagua, ningeolewa na yule marehemu?"

Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Miraba sita tukaimaliza. Majani ya manjano, membamba. Wastani wake, sitini na tano kwa mia. Bwana Asilimia uso ukamshuka. "Huu wa saba ndio wa mwisho, lazima uwe mia kamili, la sivyo tumeanguka," akasema. Akaenda garini kufuata tochi. "Rusha tu, bibi. Nakuja."

Nikaupa uwanja mgongo. Nikarusha.

Kimya.

Nikangoja mbao igonge ardhi... Haikugonga.

Upepo ukasimama. Ikaja harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa usiojua jua. Na jasho la mtu.

Kuna aliyeidaka.

Shingo ikakakamaa kama mchi. Usigeuke mpaka itue, nikajikumbusha. Na isipotua je?

"Ma'mkubwa..."

Sauti ya chini, ya mtu mwenye mchanga kinywani.

"Mbona ulisema... nimetoroka?"

Aliyekuwa akiniita hivyo ni mmoja tu: Mrefu, mtoto wa shoga yangu wa nyumba ya jirani. Alikuwa mchimbaji. Wiki ile mgodi unafukiwa harakaharaka, akapotea. Kampuni ikasema mashimo yote yamekaguliwa, hamna mtu. Watu wakaanza kuulizana, wengine wakashika majembe. Nami nikawajibu. Nikasema nimesikia ametoroka na muuza mitumba. Sikusikia popote. Niliona tu hadithi imekosa mwisho, nikaipa. Ilivyonoga, nikaiongezea na mtoto.

Watu wakarudisha majembe ndani.

"Nihesabu..." sauti ikasema. "Na mimi... nihesabu."

Puu!

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Fremu ilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, na ndani yake majani yamejaa, ya kijani, manene, yamebanana hata udongo hauonekani. Nje ya mraba, manjano yale yale. Nikashika shina moja, nikavuta. Mzizi ukatoka umekumbatia ufunguo.

Bwana Asilimia akafika na tochi. "Mia kwa mia! Bibi, una mkono wa baraka!"

"Chimbeni hapa, mwanangu. Kuna mtu."

Akanitazama, kisha akatazama saa. "Bibi, mimi nimetumwa kupima kilichoota." Akabonyeza simu yake, akapiga hesabu. "Sabini! Sabini kamili! Ardhi imepona."

Basi Mrefu akahesabiwa. Na bila yeye tusingefika.

Asubuhi nikaenda kwa shoga yangu. Miaka mitatu amekataa kubadilisha kufuli la mlango, eti mwanawe akirudi usiku asihangaike. Mimi ndiye niliyempachika jina la Mama Kufuli, mtaa mzima ukacheka. Nilimkuta ameenda bombani. Nikauingiza ule ufunguo wenye kutu.

Kufuli likafunguka.

"Huo umeutoa wapi?" Alikuwa nyuma yangu, na ndoo kichwani.

Nikamweleza yote. Hakuitua ndoo.

"Wewe uliniambia yuko mji wa mbali," akasema polepole. "Ukaniambia ana mtoto wa kike, mwenye vishimo mashavuni. Miaka mitatu nalala na huyo mjukuu. Leo unakuja kuniulia mwanangu mlangoni?"

"Shoga, ule ulikuwa uongo wangu."

"Na huu ni wa nani?"

Akanipita, akafunga mlango. Kesho yake nikamwona fundi pale kwake, anafunga kufuli jipya.

Ule ufunguo ninao mimi. Hauna mlango tena.

Pale mgodini wameshaondoka. Kimebaki kibao na nyasi. Nami nimerudi kwenye vyombo vyangu. Jana jioni nimemaliza kuosha, nikamwaga maji machafu nyuma yangu bila kuangalia, kama nilivyozoea tangu usichana.

Sikuyasikia yakianguka.