Mke Mwenza wa Machimboni

Kilichomtia Msusi wasiwasi kwanza kilikuwa usafi wa mumewe.

Mwanamume anayetoboa miamba kwenye machimbo ya chokaa hana njia ya kurudi nyumbani msafi. Wenzake wote walishuka kilimani jioni wakiwa weupe kuanzia nywele hadi viatu, wanakohoa, macho mekundu, na wake zao wakawakung'uta kwa vitambaa mlangoni kabla ya kuwaruhusu wakalie viti. Lakini Keekee, ndivyo walivyomwita kwa sababu ya mashine yake ya kutobolea, alirudi ngozi inang'aa, kucha safi, nywele bado zina unyevu. Na hayo yalitokea katika mtaa ambao visima vyake vyote vilikuwa vimekauka.

"Umeoga wapi?" mkewe alimuuliza.

"Kazini."

"Kazini kuna bafu siku hizi? Mbona mume wa jirani anarudi kama kaanguka kwenye gunia la unga?"

"Kila mtu na mwili wake, mke wangu," alijibu Keekee, akacheka peke yake, akaenda kujilaza.

Sasa, Msusi hakuwa mwanamke wa kupigwa chenga hivyo. Wivu alikuwa nao tangu ujana, wala hakuuonea haya. Aliwahi kumnunia mumewe wiki nzima kwa kuwa alimsifu msomaji wa habari wa redioni kuwa ana sauti nzuri. Hata hivyo alimpenda. Alimpenda hadi akachoka mwenyewe, na duniani hakuwa na kingine alichokiita chake.

Siku hizo alisukia barazani, na kazi ilikuwa mbaya. Kila kichwa alichokishika kilitoa vumbi jeupe. Akipitisha kitana, linashuka mabegani mwa mteja. Tangu machimbo yalipousogelea mtaa, majani yote yalikuwa meupe, mpapai wa uani uliacha kuzaa, na kila baruti ilipolia nyufa za ukutani zilirefuka kidogo. Maji yaliletwa kwa mkokoteni na kuuzwa kwa ndoo. Watu walikuwa wanaoga kwa kitambaa kilicholowa, na mumewe anarudi kama bwana harusi.

"Shoga," alisema mteja mmoja, kichwa kikiwa magotini pa Msusi, "mwanamume anayeogeshwa nje..."

"Usimalizie."

"Mimi sijasema kitu."

"Basi endelea kutosema."

Jioni ile alilichukua shati la mumewe akalinusa kola hadi kwapani. Alitafuta manukato. Angeyapata, angepumua, maana manukato yana mwenyewe, na mwenyewe anaweza kutafutwa hata kwake akavutwa nywele. Lakini shati lilinuka jiwe lililoloa, baridi, kama ndani ya mtungi wa zamani. Akalitupa chini, kisha akaliokota na kulinusa tena.

Baada ya hapo mambo yakahamia nyumbani. Keekee akipakua chakula, anaweka sahani tatu. "Hii ya nani?" mkewe anauliza, naye anaitazama ile sahani kama mtu aliyeamshwa, kisha anairudisha kabatini. Tone la maji likaanza kusikika chumbani, ingawa ndoo ilikuwa kavu na paa halijaona mvua. Kitandani, katikati yao, shuka likawa linalowa, palepale, upana wa mtu mwembamba aliyelala kiubavu. Na siku moja jua linazama, Msusi akiwa jikoni peke yake, alisikia nyuma ya pazia la chumbani sauti ambayo angeijua hata akiwa usingizini, sauti ya kitana kikipita kwenye nywele, taratibu, kutoka utosini kwenda chini, kikaendelea kushuka, kikaendelea, nywele ndefu zisizo na mwisho, nzito kwa maji, naye aliyesuka vichwa maisha yake yote akajikuta anazipima kwa sikio, zimepita mabega, zimepita kiuno, zimefika sakafuni, na kitana bado kinashuka.

Alilifungua pazia. Kitanda kimetandikwa. Kimetandikwa vizuri kuliko alivyokiacha yeye, na hilo ndilo lililomuuma.

Kesho yake mchana alifunga chakula kwenye kitambaa akapanda machimboni. Wanaume walikuwa kivulini wanakula.

"Keekee yuko wapi?"

"Yuko chini, shemeji," alijibu mpiga baruti, bila kumtazama usoni. "Siku hizi hali na sisi."

Akashuka njia ya malori. Chini kule jua lilipiga kwenye mawe meupe likamrudia machoni, na hapakuwa na ndege, nzi wala jani. Pembeni, chini ya ukuta wa mwamba, palikuwa na dimbwi la kijani lililotulia. Keekee alikaa ndani yake, maji kifuani. Shati lake lilikuwa juu ya jiwe, limekunjwa kwa pembe, naye hajawahi kukunja nguo tangu azaliwe. Kichwa alikuwa amekilaza nyuma, macho amefumba, na maji yalikuwa yanainuka dimbwini kidogo kidogo, kama yamebebwa kwenye kiganja, yanamwagikia utosini, yanainuka tena, yanamwagikia tena, na mume wake anacheka, kile kicheko cha chini ambacho yeye mwenyewe alikisikia mara ya mwisho walipokuwa wachumba.

Hofu ilimjia baadaye. Kwanza ulimjia wivu.

"Ewe mwanamume!" alipiga kelele.

Kicheko kikakatika. Maji yakatulia. Keekee alitaka kugeuka, Msusi aliona shingo inavyojaribu, lakini kichwa kilishikwa pande zote mbili kikabaki palepale, jinsi msusi anavyomshika mteja asiyetulia. Na kwenye mashavu ya mumewe yakatokea mabonde madogo ya vidole. Alikitupa chakula akakimbia.

Jioni walikaa jikoni, mbele ya pazia la chumbani, taa imewashwa mapema.

"Sema," alinong'ona Msusi.

"Usipaze sauti." Keekee alilitazama pazia. "Ulikuwa mzaha tu."

Watoboaji wana desturi yao. Ukimwaga maji kwenye tundu na tundu likayameza, ujue chini kuna uwazi. Unainama, unaita "Hoo!" mara moja, unasikiliza mwangwi ujue pango ni kubwa kiasi gani, kisha unaziba na kumwambia nyapara. Huongezi neno hata moja. Keekee aliongeza. Alisema, "Wewe uliye humo, kama ni mwanamke toka nikuoe, kwangu pana nafasi," wenzake wakaangua kicheko, na kwa kicheko hicho hakuna aliyekumbuka kumwambia nyapara. Baruti ikapigwa. Pango likavunjika, maji yaliyokuwamo yakapotelea ardhini, visima vya mtaa vikakauka. Mawe yakapakiwa kwenye malori yakaenda kuchomwa yawe saruji.

"Lilikuwa kwake," alinong'ona Keekee. "Kwao. Tumempakia nyumba yake kwenye malori, mke wangu. Amebakiwa na kile kidimbwi tu. Na mimi nilimwambia kwangu pana nafasi."

"Unamhurumia?"

Keekee aliipunguza taa.

"Mimi ukuta wangu una nyufa za kuingiza mkono," alisema Msusi, "kisima changu kimekauka, kifua kinanibana kila asubuhi. Mbona mimi hujanihurumia?"

Nyuma ya pazia, kitana kilichokuwa kinapita tangu walipokaa kikasimama. Kuna aliyekuwa anasikiliza, na wote wawili walijua.

Mganga wa mtaa ule alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyezungumza na pini midomoni. Alimsikiliza Msusi huku anapinda suruali ya mtu.

"Huyo si kimada," alisema. "Kimada unamfukuza kwa ufagio. Huyu ameposwa, mbele ya mashahidi, na nyumba yake imevunjwa. Ana wivu na wewe kwa kuwa una paa. Ule upande wa pili wa kilima haujachimbwa, bado kuna mapango yenye maji. Mpelekeni. Mumeo amwache kwa maneno mazuri, na wewe uliye mke mkubwa utangulie njiani, umwombe radhi kwa kilichovunjwa. Akipata pa kukaa, ataachia mume na ataachia maji."

"Nimwombe radhi? Mimi? Aliyeniibia mume?"

Mganga alizitoa pini mdomoni. "Mwanangu, fanya ninavyokwambia. Lakini chochote utakachofanya, usimvunjie nyumba mara ya pili."

Msusi aliaga kwa adabu. Njiani alijiona akimtangulia mke mwenza huyo kama wakwe, anambembeleza, anamwita dada, na moyo ukamkataa. Badala ya kwenda nyumbani akaenda kwa nyapara.

"Lile dimbwi linawazuia kuchimba, sivyo?" alimuuliza.

"Linatuzuia sana. Ila mumeo kasema chini pana uwazi, tukigusa patadidimia nasi."

"Mume wangu anakudanganya. Ana mambo yake pale. Pigeni."

Walichagua siku ya mapumziko ya Keekee. Asubuhi, alipokuwa bado amelala, Msusi alifunga mlango wa chumba kwa kufuli la nje, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akaketi barazani kumsuka mteja. King'ora cha machimbo kikalia. Ndani kitanda kikagonga ukuta.

"Mke wangu! Kuna nini? Nani anapiga leo?"

Msusi akagawa nywele mafungu, akaanza msuko.

"Fungua! Nakuomba, fungua, mwenzio hana pengine pa kwenda!"

Mwenzio. Angetumia neno jingine, labda Msusi angesimama. Alikaza msuko hadi mteja akaguna. Ndani Keekee alikuwa anaupiga mlango kwa bega, kisha akaacha kuupiga, kisha akaanza kuongea kwa sauti ya chini, si na mkewe, ila na mtu aliye karibu naye zaidi, anamtuliza, anamwambia njoo, njoo huku, usiogope, na kati ya maneno yake ukasikika mchirizi wa maji, mwembamba, kisha mkubwa, kisha mlio wa mtu anayezama kinyume, anayetoka majini kuja hewani, na ndipo baruti ikalia na mtaa wote ukatikisika hadi majani ya mwisho ya mpapai yakaanguka.

Vumbi lilipotua, chumbani palikuwa kimya.

"Mume wangu?" aliita Msusi. Alifungua pindo la kanga, ufunguo ukamponyoka mara kadhaa. Kufuli lilikuwa zima. Nondo za dirisha zilikuwa zima. Sakafu ilikuwa imeloa ukuta hadi ukuta, shuka limelowa upana wa watu wawili, na chumba kizima kinanuka jiwe. Keekee hakuwemo.

Alipiga kelele, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu wakati huohuo mtaa ulikuwa unapiga vigelegele. Maji yamerudi. Visima vilijaa hadi shingoni, maji baridi, matamu. Wanawake walioga na nguo zao, watoto walimwagiana, nyapara akapita nyumba kwa nyumba kusema ni kazi ya baruti yake. Wanaume walimtafuta Keekee mle machimboni na kilimani kote, wakakata tamaa. Mganga alifika, akasimama mlangoni, akatazama sakafu, akarudi kwenye cherehani yake.

Msusi alikaa bila kuoga hadi mwili ukamshinda. Jioni moja, majirani walipokwisha kuchota, alichukua ndoo akaenda uani kwenye kisima chake. Alipoinama, akasikia watu wanaongea chini kule, polepole, bila haraka, kama mke na mume waliofunga mlango wao. Mwanamume akacheka kile kicheko cha chini. Kamba ya Msusi ikagusa maji, na kicheko kikakoma.

"Nani huyo hapo juu?" aliuliza Keekee.

"Si mtu," ilijibu sauti ya mwanamke. "Ni jirani tu, anachota maji."